Kiyoyozi Kilichozeeka Hakipozi: Mwongozo Kamili wa Kufuata Kabla ya Kujaza Gesi

Kaskazi inapoanza kuvuma Tanga, malalamiko huwa ni yale yale. Kiyoyozi kinawaka, feni inazunguka, upepo unatoka, lakini chumba hakipoi. Fundi anaitwa, anafunga geji ya kupimia shinikizo la gesi, anasema gesi imepungua, anajaza, analipwa na kuondoka. Na kabla masika hayajafika, mwenye nyumba yuko kwenye simu akimtafuta fundi mwingine. Wengi hurudia mzunguko huo mwaka hadi mwaka bila kujua kwamba gesi ya kiyoyozi haiishi kwa kutumika kama uniti za LUKU. Inazunguka ileile ndani ya mabomba yaliyofungwa tangu siku mashine ilipowashwa kwa mara ya kwanza. Ikipungua, ipo sehemu inayovuja. Na kama haikupungua, kuiongeza ni kuiumiza kompresa, ile pampu inayozungusha gesi.

Mwongozo huu unahusu viyoyozi vya vipande viwili, kimoja ndani na kimoja nje, vya BTU (kipimo cha nguvu ya kupoza) 9,000 hadi 24,000, ambavyo vimekwisha kutumika miaka saba, kumi au zaidi. Tafadhali usiruke hatua, hata kama unaona mashine yako ni safi, kwa sababu geji ikifungwa kwenye mashine chafu hutoa jibu la uongo, na jibu hilo ndilo linalowagharimu watu.

Vitu vya kuandaa

- Bisibisi ya nyota na bisibisi bapa.
- Kipimajoto kidogo cha kidijitali. Bila hiki utabaki kubishana na fundi kwa hisia za mkono.
- Brashi laini ya rangi na mswaki wa zamani.
- Chupa ya kunyunyizia maji na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo.
- Siki nyeupe, kiasi cha kikombe kimoja.
- Pampu ya baiskeli na kipande cha mpira laini.
- Ndoo mbili, mpira wa maji wa bustani, na nailoni pana ya kukinga ukuta na samani.
- Glovu, kwa kuwa mapezi ya alumini hukata vidole kama wembe.
- Ngazi imara, na mtu wa pili wa kuishikilia.
- Simu ya kupigia picha na daftari la kuandikia vipimo.

Huhitaji kununua geji wala mtungi wa gesi. Kazi ya gesi si ya mwenye nyumba, na sababu zake zinaelezwa katika hatua ya tisa.

Hatua ya 1: Soma kibandiko cha mashine

Ubavuni mwa mashine ya nje kuna kibandiko kinachotaja aina ya gesi, uzito wake kwa gramu au kilo, na ampea za umeme ambazo mashine hutumia. Kipige picha. Kama jua limekifuta, tazama kile kilicho chini au ubavuni mwa mashine ya ndani.

Mashine nyingi kuukuu hutumia R22. Zilizofuata hutumia R410A, na za karibuni zaidi hutumia R32. Gesi hizi hazichanganywi wala hazibadilishani nafasi, kwa kuwa shinikizo lake hutofautiana sana na mafuta ya kompresa hulingana na aina ya gesi. R22 inaondolewa sokoni hatua kwa hatua chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, na nchi zinazoendelea zimepewa hadi mwaka 2030 kuachana nayo isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. Kwa hiyo mwenye mashine ya R22 anapaswa kujua mapema kwamba kila tundu linalovuja litamgharimu zaidi kuliko lililotangulia.

Hatua ya 2: Pima kabla ya kugusa chochote

Funga milango na madirisha, weka remoti kwenye ubaridi wa nyuzi 18 na feni ya juu kabisa, kisha subiri dakika 15. Pima joto la hewa inayoingia juu ya mashine ya ndani, halafu la hewa inayotoka kwenye mdomo wake. Andika tofauti.

Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 ni nzuri. Katika mwambao wetu usishangae ikikaribia 8 kuliko 12, kwa sababu sehemu kubwa ya nguvu ya mashine hutumika kuugeuza mvuke wa hewani kuwa maji. Ndiyo maana mashine nzima ya BTU 12,000, siku ya unyevu mwingi, inaweza kutoa lita moja ya maji au zaidi kwa saa. Maji mengi kwenye bomba la nje ni dalili njema.

Kama tofauti ni nzuri na chumba bado kina joto, tatizo liko kwenye nyumba. Nyumba nyingi za Ngamiani na Chumbageni zina madirisha ya vioo vya kupishana ambavyo havifungi sawasawa, na nyingine zina bati lisilo na dari ya maana chini yake. Mashine ya BTU 9,000 haiwezi kushindana na bati la saa nane mchana, na hakuna gesi itakayobadilisha hali hiyo. Ziba mianya, weka mapazia mazito upande wa jua, kisha pima tena.

Tofauti ikiwa chini ya nyuzi 6, endelea na hatua inayofuata. Ikiwa hakuna tofauti kabisa, nenda nje usikilize. Feni ya nje ikizunguka bila mngurumo wa kompresa, au kompresa ikijaribu kuwaka kwa sekunde chache na kunyamaza, uwezekano mkubwa ni kwamba tatizo ni la umeme. Fanya usafi, kisha uizingatie sana hatua ya saba.

Hatua ya 3: Kata umeme na osha machujio

Zima kwenye breka, usitosheke na remoti. Remoti hulaza mashine tu, na umeme huendelea kufika kwenye bodi. Bandika karatasi kwenye breka ili mtu wa nyumbani asiiwashe ukiwa juu ya ngazi.

Inua kifuniko cha mbele, chomoa machujio, yaoshe kwa maji yanayotoka upande wa ndani kwenda upande wenye vumbi, na yaanike kivulini. Jua kali huyapinda, na chujio lililopinda huacha mwanya wa vumbi.

Msimu wa joto, kazi hii hufanywa kila wiki mbili. Kwa wanaoishi upande wa Pongwe, kwenye vumbi la saruji, kila wiki. Usiiwashe mashine bila machujio hata kwa siku moja, kwa kuwa vumbi litakaloingia litashikamana na mapezi yenye maji na kuganda.

Hatua ya 4: Safisha koili na feni ya ndani

Nyuma ya machujio kuna koili, yaani mabomba yaliyozungukwa na mapezi membamba ya alumini. Mulika kwa tochi. Ukiona utando wa kijivu, hewa haipiti vizuri, na koili isiyopata hewa hupoa kupita kiasi hadi maji yake yanaganda.

Ukikuta barafu, usiikwangue kwa kisu wala bisibisi. Bomba chini yake ni laini, na tundu moja litakumalizia gesi yote. Rudisha umeme, weka mashine kwenye feni peke yake kwa saa kadhaa hadi barafu iyeyuke, kisha ukate umeme tena. Angalia pia barafu ilivyokaa. Iliyofunika koili nzima mara nyingi hutokana na uchafu au feni dhaifu. Iliyokaa sehemu ndogo tu ya koili, au kwenye bomba jembamba la nje, huashiria gesi pungufu. Andika ulichokiona, maana fundi atakihitaji.

Funika ukuta na sanduku la umeme la upande wa kulia au kushoto kwa nailoni, na ning'iniza nailoni nyingine kama mfereji wa kuelekeza maji kwenye ndoo. Piga brashi kufuata mwelekeo wa mapezi, juu kwenda chini, kamwe si kwa kukingama. Nyunyiza maji ya sabuni kidogo, subiri dakika kumi, suuza kwa maji safi.

Kisha mulika mdomo wa kutolea hewa. Humo mna feni ndefu kama mtungi, na kwenye mashine kuukuu vipande vyake huwa vimejaa tope jeusi la ukungu. Hapa ndipo harufu ya soksi mbichi inapotoka. Safisha kipande kimoja kimoja kwa mswaki, ukiizungusha kwa mkono polepole. Kazi hii inachosha kuliko zote na wengi huiacha, ilhali tope hilo linaweza kupunguza upepo kwa kiasi kikubwa. Mafanikio ni mapezi yanayong'aa, feni inayozunguka kwa wepesi, na maji ya mwisho ya kusuuza yasiyo na rangi.

Hatua ya 5: Zibua bomba la maji

Maji yanayochuruzika ukutani ndani ya chumba hayana uhusiano na gesi, isipokuwa yakitokana na barafu inayoyeyuka. Kwa kawaida ukoga umeziba bomba, au bomba limelegea na kupoteza mwinamo.

Fuata bomba hadi mwisho wake nje. Likiwa limezama kwenye ndoo ya maji au kufukiwa udongoni, litoe. Hewa iliyonaswa humo huzuia maji kushuka. Unganisha mpira laini na pampu ya baiskeli, kisha sukuma hewa taratibu kutoka nje, mtu wa pili akiwa ndani na kitambaa, kwa kuwa uchafu unaweza kurukia kwenye bakuli la maji. Mimina siki kwenye bakuli hilo, iache nusu saa, halafu suuza kwa maji ya vuguvugu. Maji ya moto sana hulegeza maungio ya plastiki.

Jaribu kwa kumimina lita moja ndani ya bakuli pole pole. Yote yatoke nje bila hata tone kuanguka chumbani. Yakikwama ingawa bomba ni safi, kagua kama mashine imeinama upande usio na bomba, jambo la kawaida pale skrubu za ukutani zinapolegea.

Hatua ya 6: Ondoa chumvi kwenye mashine ya nje

Kwa Tanga, hatua hii ina uzito kuliko zote. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi hiyo hutua kwenye mapezi ya alumini yaliyokumbatia mabomba ya shaba. Metali mbili tofauti zikigusana mbele ya unyevu wenye chumvi, alumini huliwa. Nenda Raskazone au Sahare ukague mashine zinazoitazama bahari: mapezi mengi yameshakuwa unga mweupe unaodondoka ukiyagusa. Bomba linabaki, lakini pezi la kusambaza joto lake halipo tena, na mashine hutoa jasho bila kupoza.

Baada ya kukata umeme, fungua kifuniko cha juu na chunguza kwanza kama kuna viota vya ndege, majani au mijusi. Osha kwa maji ya bomba yenye msukumo mdogo, ukielekeza maji kutoka ndani kwenda nje inapowezekana, ili chumvi irudi ilikotoka badala ya kusukumwa katikati. Kinga sanduku la umeme na mota ya feni kwa nailoni.

Mambo matatu ya kuepuka. La kwanza, maji ya kisima. Visima vingi karibu na pwani vina maji ya magadi au chumvi, na ukivitumia utakuwa unaongeza kile unachotaka kukiondoa. Tumia maji ya mamlaka, ambayo kwa mji wa Tanga hutoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, au maji ya mvua uliyokinga. La pili, mashine ya kuoshea magari. Msukumo wake hulaza mapezi yakazibana, na mashine iliyokuwa chafu inakuwa chafu na iliyozibwa. La tatu, asidi na magadi makali ambayo baadhi ya mafundi huyaita dawa ya AC. Hutoa povu la kupendeza na mng'ao wa siku chache, kisha pezi lililokwisha kudhoofika humalizikia hapo.

Mashine inayotazama bahari moja kwa moja ioshwe kila mwezi. Iliyoko bara zaidi, Kange au Mikanjuni, kila baada ya miezi mitatu inatosha. Hakikisha pia nyuma yake kuna nafasi ya angalau sentimita 20 hadi ukutani na mbele hakuna kitu. Wapo waliojenga kibanda cha kuificha mashine isionekane, na kibanda hicho hurudisha hewa ya moto ndani ya mashine ileile.

Ukiwa hapo, tikisa vyuma vinavyoibeba. Chuma kilicholiwa na kutu kinaweza kuachia, na mashine ya kilo 30 ikining'inia juu ya njia ya watoto ni hatari kuliko joto lolote. Kibadilishwe kabla ya kazi nyingine.

Mafanikio ya hatua hii huonekana ukisimama upande wa pili: mwanga unapita kati ya mapezi. Kama zaidi ya theluthi ya mapezi yamekwisha kuanguka, nenda moja kwa moja hatua ya kumi.

Hatua ya 7: Kagua umeme

Usifungue sanduku la umeme kama huna ujuzi. Ndani yake kuna kapasita, kifaa kinachoisaidia kompresa kuwaka, inayoweza kubaki na chaji hata baada ya breka kuzimwa, na chaji hiyo hurusha mtu kutoka kwenye ngazi. Mwachie fundi, lakini ujue cha kumwagiza.

Mwambie apime kapasita kwa mita, asiitazame tu. Thamani yake imeandikwa ubavuni kwa maikrofaradi, pamoja na kiwango kinachoruhusiwa kupungua, ambacho mara nyingi ni asilimia 5. Kapasita dhaifu ndiyo sababu ya kompresa nyingi kunguruma bila kuwaka, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na kompresa. Naamini kompresa nyingi zilizotupwa mjini kwetu zilihukumiwa kufa kwa kosa la kapasita.

Aangalie pia skrubu za waya zilizoungua au kuota ukungu wa kijani, na kontakta (swichi inayoipelekea kompresa umeme) yenye sisimizi. Voltimita isomwe wakati kompresa ikifanya kazi. Umeme wetu ni volti 230. Ukishuka chini ya 207, yaani asilimia 10, kompresa hupata moto na kujizima. Katika hali hiyo funga kifaa cha kulinda volti, kinachochelewesha kuwaka kwa dakika tatu au zaidi baada ya umeme kukatika, ili shinikizo ndani ya mabomba lisawazike. Kiyoyozi kiwe na waya wake kutoka kwenye breka. Kukichomeka kwenye ekstensheni pamoja na friji ni kuomba moto.

Hatua ya 8: Pima tena

Acha kila kitu kikauke, rudisha umeme, rudia kipimo cha hatua ya pili kwa masharti yale yale, na linganisha namba. Mashine nyingi zilizozeeka huishia hapa: tofauti iliyokuwa nyuzi 4 au 5 hupanda ikafika 8 au zaidi, bila gramu moja ya gesi.

Hatua ya 9: Gesi, kama kweli imepungua

Sasa ndipo umwite fundi wa gesi, ukiwa na daftari lako. Sababu ya kusubiri ni hii: chujio au koili ya ndani ikiziba, shinikizo la upande wa kunyonya, yaani bomba linalorudisha gesi kwenye kompresa, hushuka, na geji husoma chini ingawa gesi imetimia. Fundi mwenye haraka huona sindano iko chini na kuongeza gesi. Ukija kusafisha baadaye, gesi inakuwa imezidi, shinikizo linapanda na kompresa inaelemewa.

Kwa mashine safi ya kawaida inayofanya kazi, upande wa kunyonya kwa R22 husoma takriban psi (kipimo cha shinikizo) 60 hadi 75, na kwa R410A au R32 takriban 110 hadi 140, kutegemea joto la siku hiyo. Mashine za inveta hazihukumiwi kwa namba hiyo peke yake, kwa kuwa kompresa yake hubadilisha kasi.

Ikithibitika imepungua, msimamie fundi kwa utaratibu ufuatao, na makubaliano ya bei yafanyike kwa kazi yote badala ya kujaza tu.

Kwanza atafute tundu. Apake povu la sabuni kwenye nati za maungio ndani na nje, na atazame madoa ya mafuta, kwa kuwa gesi inapovuja hutoka na mafuta. Nati za maungio huvuja mara nyingi, na wakati mwingine huhitaji kukatwa na kutengenezwa upya.

Pili, baada ya kuziba, apime kwa naitrojeni kavu. Asitumie oksijeni kwa hali yoyote: oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka. Ukiona ameleta mtungi wa oksijeni wa kuchomelea kwa ajili ya kupimia, simamisha kazi.

Tatu, avute hewa na unyevu kwa pampu ya vakyumu kwa angalau nusu saa, afunge vali, asubiri kuona kama sindano inarudi. Unyevu wa Tanga ukibaki ndani ya bomba huungana na mafuta na kutengeneza asidi. Fundi anayesukuma hewa nje kwa gesi yenyewe, bila pampu, amekuokolea saa moja na kukupunguzia miaka ya mashine.

Nne, ajaze kwa mizani, kwa uzito wa kwenye kibandiko, na kuongeza kidogo pale tu mabomba yalipo marefu kuliko kipimo cha mtengenezaji. R410A ni mchanganyiko, hivyo huingizwa ikiwa kioevu ili uwiano wake usiharibike. R32 inaweza kushika moto; pasiwe na sigara, jiko wala uchomeleaji karibu. Na mtungi wa gesi ya kupikia usikubaliwe kamwe kuwa mbadala, hata ukielezwa kwamba unapoza vizuri. Unapoza kweli, na unaweza kuichoma nyumba.

Baada ya hapo pima nyuzi mbele yake, kabla ya kulipa, kisha upime tena baada ya wiki mbili. Namba zikiwa sawa, tundu limezibwa.

Hatua ya 10: Kuamua kama mashine istaafu

Tengeneza ikiwa tatizo ni kapasita, feni, bodi, bomba la maji au nati inayovuja. Fikiria upya ikiwa koili imetoboka mahali pengi kwa kutu, kwa kuwa kuchomelea tundu moja kwenye bomba lililochoka hufungua jingine pembeni. Kompresa ikiungua kwenye mashine ya R22 iliyokula miaka kumi karibu na bahari, kwa maoni yangu usitie senti.

Ukinunua mpya, uliza kama mapezi ya nje yamepakwa rangi ya kuzuia kutu, mara nyingi ya samawati au dhahabu, na uifunge upande wa nyumba usiotazama bahari hata kama bomba litarefuka kidogo. Mabomba ya zamani yasitumiwe kwa gesi mpya bila kukaguliwa unene na kusafishwa mafuta ya kale. Fundi anayeishusha ile kuukuu aikusanye gesi yake kwenye mtungi kabla ya kufungua nati, asiiachie hewani. Na wewe usiiuze mashine kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kabla kazi hiyo haijakamilika.